Kila Tonge Hulisha Wawili: Vijidudu vya Tumboni na Kinga ya Mwili

Siku ya soko huko Sagana, kando ya njia kuu itokayo Nairobi kwenda Karatina na Nyeri, huonekana aina mbili za chakula zikiuzwa hatua chache tu baina yao. Upande mmoja wamekaa akina mama wenye mafungu ya managu na terere, nduma, viazi vitamu, ndizi, njahi na maharagwe. Upande wa pili vipo vibanda vya chipsi, mandazi, mkate mweupe na soda. Mtu mwenye njaa hujiuliza tu ni kipi kitakachomshibisha upesi. Wachache wajua ya kuwa kila tonge liingialo kinywani hulisha wawili: yule mwenye kula, na jeshi la viumbe wadogo mno waishio katika utumbo wake; na ya kwamba kulishwa kwa viumbe hao, vema au vibaya, huugusa uwezo wa mwili wa kujikinga na maradhi.

Viumbe hao ni bakteria. Wengi wamezoea kulisikia jina hilo pamoja na kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu, na ni kweli kwamba wako waletao maradhi hayo. Lakini walio wengi si adui. Wataalamu wamekadiria ya kuwa mtu mzima huchukua bakteria wapatao milioni milioni 38, hesabu iliyo karibu sawa na ile ya chembe za mwili wake mwenyewe, nao wote pamoja hawafiki uzito wa robo kilo. Karibu wote hukaa katika utumbo mpana.

Sasa, sukari, unga mweupe na mafuta humeng'enywa na kunyonywa katika utumbo mwembamba, hata hakibaki kitu cha maana cha kufika chini. Makapi ya nafaka, maganda ya maharagwe na nyuzi za mboga ni mbali: mwili wa mtu hauwezi kuyameng'enya. Zamani ilidhaniwa kuwa ni takataka za kupita tu. Siku hizi yajulikana ya kuwa hicho ndicho chakula cha bakteria wema. Huyachachusha, kama uji uchachavyo chunguni, na katika kuchachusha huko hutoa asidi nyepesi. Asidi hizo huilisha ngozi laini ya utumbo, huuimarisha ute unaoifunika, tena huwatuliza askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu.

Sehemu kubwa ya askari hao wamepiga kambi kandokando ya utumbo, na sababu yake ni wazi, maana hapo ndipo vitu vya nje huingia mwilini kila siku pamoja na chakula na maji. Hapo askari hujifunza kumpambanua rafiki na adui. Makapi yakikosekana, baadhi ya bakteria hugeuka wakaula ule ute. Boma likipata matundu, askari huwaona wageni karibu mno, nao hukaa na silaha mkononi usiku na mchana. Hali hiyo ya uvimbe mdogo usiokwisha, ambayo mwenyewe haisikii kabisa, ndiyo itajwayo na madaktari katika asili za ugonjwa wa sukari, wa moyo na wa mishipa.

WALIYOYAONA WATU WA KWANZA

Habari za chakula na afya katika nchi ya Mlima Kenya si mpya. Mwaka 1931 ilichapwa taarifa ya John Boyd Orr, mtaalamu wa chakula kutoka Scotland, na John Langton Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya uganga ya Kenya, iliyolinganisha Wakikuyu na Wamasai. Waliandika ya kuwa mwanamume wa Kimasai, mwenye kuishi kwa maziwa, nyama na damu, alimzidi mwenziwe wa Kikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito. Na ya kwamba Mkikuyu, ambaye chakula chake kilikuwa hasa nafaka na viazi, alipatikana zaidi na magonjwa ya mapafu na vidonda vya miguuni. Wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani kuliko wanaume. Kulisema hilo lote kuwa ni kazi ya chakula peke yake kulikuwa ni haraka, kwa kuwa makabila hayo mawili yalitofautiana kwa asili, kwa kazi na kwa hewa ya nchi. Hata hivyo taarifa ile ilifungua macho: afya haitokani na dawa tu.

Baadaye madaktari wawili waliofanya kazi Uganda, Hugh Trowell na Denis Burkitt, waliona neno jingine. Magonjwa mengi ya tumbo yaliyojaa katika hospitali za Uingereza, wao waliyaona kwa nadra kwa watu wa mashamba wa Afrika ya Mashariki, nao wakafikiri kwamba makapi ya chakula ndiyo yaliyowakinga. Mwaka 1975 walitoa kitabu juu ya jambo hilo.

MAJUMA MAWILI TU

Jibu lililo wazi zaidi limetoka mlima jirani. Katika mkoa wa Kilimanjaro, Tanzania, wataalamu wa Moshi pamoja na wenzao wa Uholanzi waliwachukua vijana wanaume 77 wenye afya, baadhi wakazi wa mjini na baadhi wa vijijini. Matokeo yalitangazwa mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine. Vijana wa vijijini, waliozoea mboga, jamii ya kunde, ndizi na nafaka zisizokobolewa, walipewa kwa majuma mawili chakula cha namna ya Kizungu, kilichotengenezwa viwandani. Wa mjini walirudishwa kwenye chakula cha wazee wao kwa muda huo huo. Kundi la tatu, la watu wa mjini, lilipewa mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachuka, kwa juma moja.

Damu zao zilipimwa. Kwa wale waliohamia chakula cha Kizungu dalili za uvimbe wa ndani zilizidi, na damu yao ilipokutanishwa na vijidudu katika chupa, askari wake walijibu kwa ulegevu kuliko kwanza. Ndiyo kusema walikuwa na wasiwasi pasipo adui, na ulegevu mbele ya adui. Kwa waliorudi kwenye chakula cha zamani, na kwa wale wa mbege, mambo yalikwenda kinyume chake: uvimbe ulipungua. Baada ya majuma manne baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yaonekana.

Hao walikuwa vijana wachache, wote wanaume, wala haikuonyeshwa ya kuwa yeyote aliugua kwa sababu hiyo. Wala mbege isichukuliwe kuwa ni dawa, kwa maana ina kileo, na madhara ya kileo hayahitaji maelezo. Lakini majuma mawili ni muda mfupi wa kushangaza. Kijana atokaye shambani karibu na Sagana kwenda kutafuta kazi Nairobi, akaanza kuishi kwa mkate na chipsi, hajapokea hata mshahara wake wa kwanza na mwili wake umekwisha kubadilika.

Jambo hilo lagusa hata mfuko. Mahindi yasagwayo kwa kinu cha posho hubaki na pumba zake. Yale yakobolewayo kiwandani ili unga uwe mweupe huondolewa pumba, nazo huuzwa kwa wafuga ng'ombe. Hivyo mtu hulipa zaidi ili ng'ombe wa mwingine apate sehemu iliyowafaa bakteria wake.

WATOTO WACHANGA

Hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto, kwa sababu askari wake bado ni wanafunzi. Katika maziwa ya mama mna aina za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Zimo humo kwa ajili ya bakteria wema waitwao bifidobakteria, ambao huwazuia wabaya wasipate nafasi. Ndiyo maana madaktari husisitiza maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, bila maji wala uji.

Baada ya hapo huja uji, na mara nyingi ni uji mwepesi wa unga mweupe usio na kitu kingine. Watoto wengi hupungukiwa madini ya chuma, kwa hiyo hutiliwa unga wa madini ndani ya uji. Huko Msambweni, katika pwani ya Kenya, wataalamu waliwafuata watoto waliopewa unga huo, na somo lao la mwaka 2015 lilionyesha wazi jinsi jambo jema liwezavyo kuwa na upande wa pili: chuma kiliwalisha pia bakteria wabaya, bifidobakteria wakapungua, na utumbo ukapata uvimbe. Mwaka 2017 ilitangazwa ya kuwa chuma kikichanganywa na sukari zinazofanana na zile za maziwa ya mama, madhara hayo hupungua. Tena mwaka 2020 ilionekana kwamba watoto waliopewa chuma wakati wa chanjo ya surua walijenga kinga iliyo bora kuliko wasiopewa. Basi mama asikatae unga wa madini apewao kliniki. Bali aendelee kumnyonyesha mtoto, na kumpondea maharagwe na majani mabichi yaliyopikwa, kama yafanywavyo katika mukimo.

Bakteria peke yao hawaumbi askari. Protini yahitajiwa, na Sagana ina bahati, maana mabwawa ya samaki yalianzishwa hapo na serikali mwaka 1948, na samaki mdogo aliyetolewa miiba hufaa sana kwa mtoto. Dawa za kuua bakteria nazo zisinunuliwe dukani kwa kila mafua: haziponyi mafua, nazo huua wema pamoja na wabaya.

UJI MCHACHU NA MALA

Wazee wa Kikuyu walikuwa na ucuru, uji wa mawele au mahindi uliochachushwa. Unga huchanganywa na maji safi katika chombo kisafi, hufunikwa na kuachwa mahali penye joto siku moja au mbili hata uwe na harufu ya uchachu, ndipo hupikwa. Moto huwaua bakteria walioufanya, lakini asidi yao hubaki, nayo huwazuia wengi wa vijidudu viletavyo kuhara wasizaane humo upesi. Unga wenye ukungu usitumiwe kamwe, kwa kuwa uchachu hauondoi sumu yake yote. Kwa maziwa ya mala, maziwa huchemshwa kwanza, kwani mabichi yaweza kuleta homa itokayo kwa ng'ombe. Yakisha kupoa hata kuwa vuguvugu, hutiwa vijiko viwili au vitatu vya mala ya jana, hufunikwa, na kesho yake huwa yameganda. Haya hayapikwi tena, na bakteria wake huingia tumboni wakiwa hai.