Usianze na Mtungi: Vidokezo vya Kununua Vifaa vya Kuzamia

Umemaliza kozi, umeshuka Mnemba na Misali, na sasa mkono unakuwasha. Ngoja kwanza. Dukani watakupangia seti nzima ya rangi moja. Wewe nunua kile kinachokaa mwilini mwako, vingine kodi.

1. Miwani kabla ya chochote. Ibandike usoni bila kuvuta mkanda nyuma ya kichwa, vuta hewa kidogo kwa pua, kisha iachie. Ikiganda, inakufaa. Ikidondoka, au ukisikia hewa ikipenya kwenye shavu, irudishe rafuni hata kama ni ya bei mbaya. Ijaribu tena ukiwa umeuma kipande cha kupumulia, maana mdomo ukijaa uso hubadilika. Masharubu mazito hupitisha maji. Wenye misuko na rasta, hata unywele mmoja ukinaswa chini ya silikoni, miwani itavuja. Tena tafuteni mkanda wa kitambaa, wa mpira unang'oa nywele. Ile midogo ya kuogelea isiyofunika pua iache nyumbani: mita 10 tu chini, mgandamizo umekuwa mara mbili ya ule wa juu, na bila pua ndani huwezi kuusawazisha. Macho ndiyo yatakayoumia. Ukishanunua, sugua vioo kwa ndani na dawa ya meno ili kuondoa utando wa kiwandani, la sivyo utazamia ndani ya ukungu.

2. Mapezi yafuate njia yako ya kuingia majini. Ukirukia kutoka kwenye boti, ya kuvaa mguu mtupu yanatosha. Ukilazimika kuvuka miamba maji yakiwa yamekupwa, penye yale madude ya miiba mirefu myeusi, chukua yenye kisigino wazi pamoja na viatu vya mpira.

3. Vazi likubane. Agosti, wakati wa kusi, maji ya Unguja hushuka hadi nyuzi 24 au 25. Machi hukaribia 30. Milimita 3 zinawatosha wengi, na mwenye kusikia baridi haraka achukue 5. Likipwaya, maji yataingia na kutoka mgongoni yakibeba joto lako. Anayejistiri avae kofia ya mpira, ila ukingo wa miwani ukae juu ya ngozi, si juu ya kofia.

4. Kompyuta kabla ya regyuleta. Najua wapo watakaobisha. Lakini kompyuta ya kukodi haijui asubuhi ulishuka kina gani, wala nitrojeni uliyobaki nayo mwilini, yako inajua. Tafuta yenye tarakimu kubwa. Mambo ya kuungana na simu ni pambo tu.

5. Regyuleta: mtafute fundi kwanza. Kwa kawaida hutakiwa kufanyiwa sevisi kila mwaka au kila baada ya mizamo 100 hivi, kutegemea mtengenezaji. Muuzaji akikuambia fundi yuko Dubai, piga hesabu ya nauli. Ukikodi, pumua mara kadhaa huku unatazama geji. Mshale ukirukaruka kila unapovuta pumzi, huenda valvu ya mtungi haijafunguliwa vya kutosha. Jaketi la kuelea nalo kodi mpaka ujue unapenda lipi.

6. Mtungi hapana. Wa alumini wa lita 11 una kilo 14 hivi ukiwa mtupu, na ndege haibebi uliojaa. Wa kukodi unuse: fungua kidogo, vuta harufu. Ukinuka mafuta au moshi wa injini, ukatae hapohapo, hata kama kundi zima linakusubiri.

7. Boya la kupuliza na kamba yake. Ndicho kifaa rahisi kuliko vyote hapa, na ndicho wengi wanachokisahau. Mkondo mkuu wa pwani yetu unaelekea kaskazini. Ukikuchukua nje ya Pemba unapelekwa upande wa Mombasa, safari ambayo hukuipanga, na kichwa cha mtu katikati ya mawimbi hakionekani kutoka botini. Chukua la rangi ya chungwa, jizoeze kulipuliza kwenye maji mafupi, na kabla ya kushuka mwonyeshe nahodha ajue analotakiwa kutafuta.