Askari Wachunga Saa

Wengi tumeona simu ikionyesha mahali ilipo. Inasikiliza setilaiti, yaani vyombo vinavyoizunguka dunia, kilomita 20,200 juu yetu. Nani anaziongoza? Ni kikosi cha jeshi la Marekani, huko Colorado. Askari hawa kazini hawashiki bunduki. Wanakaa zamu mbele ya mitambo, usiku na mchana, wakichunga saa!

Kila setilaiti ina saa, nayo hutangaza wakati wake kwa redio. Simu hupima muda ambao wimbi limesafiri, ndipo ikajua umbali. Basi saa ikikosea sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa mita 300. Mvuvi anayetafuta mlango wa mwamba gizani, si atapasua chombo? Kwa hiyo vituo vya ardhini husikiliza, kimoja kipo kisiwa cha Diego Garcia, kwenye Bahari ya Hindi. Colorado hupiga hesabu na kupeleka masahihisho juu.

Mwenye kusahihisha aweza pia kuvuruga. Zamani Marekani ilivuruga makusudi saa walizosikia raia, wakakosea hata mita 100. Jeshi lake lilipata zilizo sawa. Rais Bill Clinton aliamuru waache, Mei 2000.