Gundi ya sakafu ya mbao: Fikiria kifua kabla ya bei

Sakafu ya mbao imekuwa fahari ya nyumba nyingi mpya huku kwetu Kericho, Litein, Sotik na Bomet. Mbao zenyewe huundwa kwa tabaka, juu mti mgumu na chini plaiwudi, kisha hubandikwa kwa gundi juu ya saruji. Mwenye nyumba huchagua rangi na kubishania bei. Gundi humwachia fundi. Hapo ndipo sisi madaktari tunapoingia.

Gundi ya bei nafuu mara nyingi ni ile yenye tolwini, ndugu ya gundi ya fundi viatu ambayo watoto wa mitaani huinusa. Mvuke wake huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Mama mjamzito akae mbali nayo kabisa. Isitoshe, mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutanda chini, pale mtoto anapotambaa na pale jiko linapowaka. Cheche moja yatosha kuteketeza nyumba.

Ya pili ni gundi ya poliyurethani. Hushika vizuri na haina harufu kali, na kwa sababu hiyo watu huidhania salama. Ndani yake mna isosayaneti, kemikali inayoweza kumletea pumu mtu ambaye hajawahi kuugua kifua. Mwili ukishaizoea kwa ubaya, hata kiasi kidogo sana chaweza kumziba pumzi. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Agosti 2023, fundi haruhusiwi kutumia bidhaa zenye zaidi ya asilimia 0.1 ya kemikali hizi kabla ya kupata mafunzo ya usalama. Ikishakauka kabisa hatari hupungua sana. Anayeumia zaidi ni fundi, akipiga magoti juu yake kutwa nzima. Kitambaa puani hakizuii mvuke, wala barakoa ya vumbi. Anahitaji kinyago chenye kichujio cha kaboni, na glavu pia, maana kemikali hii hudhuru hata ikipitia ngozini.

Zipo gundi zisizo na isosayaneti wala tolwini. Bei yake iko juu, lakini soma mkebe na uulize dukani.

Hata hivyo, gundi bora haifai kitu juu ya saruji mbichi. Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na mvua hunyesha karibu kila mwezi. Ndiyo raha ya majani chai, na ndiyo taabu ya sakafu. Wajenzi hukadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, basi sakafu ya sentimita 10 yahitaji miezi minne, na huku kwetu huenda ikazidi. Bandika kipande cha plastiki cha sentimita 45 kila upande, uzibe kingo kwa utepe, ukiache hadi kesho yake. Ukikuta umande chini yake, subiri. Unyevu ukifungiwa humo huharibu gundi na kuotesha kuvu, na kuvu huamsha pumu.

Kama nyumbani mna mtoto mwenye pumu, maoni yangu ni kuacha gundi kabisa. Mbao nyingi za aina hii zaweza kushikana zenyewe kwa zenyewe na kulala juu ya plastiki na sponji. Fundi asiyeijua njia hiyo atakuambia haidumu.

Ukitumia gundi, familia ilale kwingine na madirisha yabaki wazi mchana na usiku, baridi au la, hadi ikauke kwa siku zilizoandikwa kwenye mkebe. Maziwa hayaoshi mapafu, hata yakiwa mursik. Fundi anayekohoa usiku na kupata nafuu akipumzika kazini amwone daktari mapema, na aje na mkebe wa gundi anayotumia.