TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 9: Tuhesabu vijiko vya sukari



Leo tufanye hesabu kidogo. Mtu kafunga zaidi ya saa 13. Adhana ya Magharibi inasikika, anakunywa bakuli la uji lenye vijiko 3 vya sukari. Kisha chai ya maziwa vikombe viwili, kila kimoja vijiko 3. Halafu soda ya mililita 350, yenye karibu vijiko 9. Jumla: vijiko 18. Hapo bado kaimati zilizolowa shira, bado tambi, bado juisi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linashauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 kwa siku, yaani vijiko vya chai 12. Akiweza kushuka hadi 6, ni bora zaidi. Inayohesabiwa ni sukari tunayoongeza, pamoja na ya asali na ya juisi, hata ile unayosaga mwenyewe nyumbani. Tunda zima halimo kwenye hesabu hiyo.

*Inafanya nini mwilini?*

Kinywaji kitamu hakikai tumboni muda mrefu. Sukari inaingia kwenye damu haraka, kongosho linatoa insulini nyingi kuishusha. Ile inayozidi mahitaji, ini huigeuza mafuta. Mazoea hayo yakiendelea miaka, uzito unaongezeka, mafuta yanajaa kwenye ini, insulini inashindwa kazi yake, na mlango wa kisukari unafunguka. Sukari sio sababu pekee. Kuna urithi, kuna unene, kuna kukaa bila mazoezi. Lakini hii ya kijiko iko mikononi mwetu.

Miaka ya 1980 watafiti walipima watu vijijini hapa Tanzania, wakakuta mwenye kisukari ni kama 1 kati ya 100. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta kama 9 kati ya 100, kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Tazama safu moja ya swala, kisha fikiri.

Na meno je? Sisi wa Arusha na Meru tumezoea kulaumu maji. Kweli, floridi ya miamba ya mlima wetu ndiyo inayoyapa meno rangi ya kahawia. Ila jino kutoboka ni jambo lingine: bakteria wa kinywani wanakula sukari na kutoa asidi, asidi inakula jino. Mtoto anayenywa soda usiku akalala bila kupiga mswaki, tusiyasingizie maji.

*Dini yetu inasemaje?*

Sura Al-A'raf, aya ya 31, imeturuhusu kula na kunywa, ikatukataza israfu. Na Mtume (S.A.W.) alikuwa akifuturu kwa tende mbichi chache, asipozipata tende kavu, asipozipata mafunda ya maji. Kisha anaswali. Mwanzo mwepesi kabisa.

Mzee mmoja aliniuliza baada ya Tarawehe: "Ustadhi, nina kisukari. Nikialikwa futari nikikataa juisi, si nimemvunjia heshima mwenyeji?" Hapana, mzee wangu. Mwili ni amana. Sema "Allah akubariki, mimi naomba maji tu", inatosha. Na wewe mwenyeji, weka jagi la maji na chai isiyo na sukari kabla hujaombwa. Usimlazimishe mgeni aeleze ugonjwa wake mbele ya watu.

Wenye kisukari, hasa mnaochoma insulini: muoneni daktari kuhusu kufunga. Kujitoboa kidole kupima hakubatilishi saumu kwa wanazuoni wengi wa leo. Kipimo kikishuka chini ya 3.9, au ukitetemeka na kutoka jasho, fungua papo hapo, hata kama Magharibi imebaki dakika 10. Wakati huo maji ya sukari ni dawa. Allah amempa mgonjwa ruhusa, usiikatae.

*Zoezi la leo nyumbani*

1. Hesabuni vijiko vya futari ya leo, na watoto wahesabu.
2. Kesho punguzeni kijiko kimoja kwa kila kikombe. Ulimi huzoea.
3. Badala ya juisi, kula chungwa, embe au parachichi lenyewe.
4. Kaimati ziwe mbili tatu, sio sahani.
5. Mswaki kabla ya kulala na baada ya daku.

Mnakumbuka mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika, kilo ikapita shilingi 4,000? Tulipunguza kwa kukosa, na futari zikaliwa. Safari hii tupunguze kwa hiari, tena kwa nia ya ibada.

Ewe Mola, tupe afya ya kukuabudu, waponye wagonjwa wetu, na uzikubali saumu zetu. Aamiin.

Mfikishie na mwenzako ujumbe huu. Wabillahi tawfiq.