Majira ya Mimea katika Milima ya Upare

Mji wa Same uko chini ya Milima ya Pare, upande ambao upepo wa Bahari ya Hindi huufikia ukiwa umekwisha kumwaga sehemu kubwa ya unyevu wake. Nyanda za karibu hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, katika vipindi viwili: vuli na masika. Lakini juu, msitu wa Chome unaozunguka kilele cha Shengena, chenye kimo cha mita 2,460 hivi, hupata ukungu hata wakati wa kiangazi. Mwanafunzi apandaye kutoka Same hadi huko hupita katika kalenda mbili za mimea.

Kalenda ya nyanda huonekana wazi. Mbuyu hupukutisha majani yake kiangazi, kwa kuwa jani ni mlango wa kupotezea maji. Miti ya jamii ya Komifora, iliyoenea sana kuelekea Mkomazi, hufanya vivyo hivyo, ila ina hila moja zaidi. Ganda lake la nje, jembamba kama karatasi, hubanduka. Chini yake mna tabaka la kijani ambalo huendelea kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua ingawa mti hauna hata jani moja. Mimea mingine huchanua kabla ya mvua kunyesha, kwa kutumia maji yaliyowekwa akiba shinani.

Katika nchi za Ulaya mmea hutambua majira kwa urefu wa mchana. Same iko karibu nyuzi 4 kusini ya Ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa ni kama nusu saa tu. Kwa hiyo tarehe zilizomo katika vitabu vya kigeni hazimfai mwalimu wa hapa. Hana budi kuzitafuta zake kwa kutazama.

Kalenda ya mlimani ni ngumu kusoma, maana msitu ni wa kijani mwaka mzima. Hapo ndipo penye hasara kubwa ya kutojua. Mkulo (Ocotea usambarensis), mti wa mbao bora, ulikatwa na wapasuaji wa mbao kwa miaka mingi katika msitu wa Chome. Kuurudisha si kazi nyepesi. Hauzai vizuri kila mwaka. Huweza kupita miaka mingi kabla ya kupatikana mavuno mazuri ya mbegu, na matunda mengi huharibiwa na wadudu yangali mtini. Mbegu iliyokomaa haiwekeki ghalani kama mahindi, kwani hupoteza uhai baada ya siku chache. Mti huchipua pia kutoka mizizini, lakini chipukizi hizo hurithi sifa za mti mmoja tu. Mkusanyaji wa mbegu akichelewa, huenda akangoja miaka mingi.

Kuhifadhi habari za namna hii ni mojawapo ya kazi za bustani ya mimea. Ile ya Amani, katika Usambara Mashariki, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Katika kazi ya aina hiyo, kila tawi lililokaushwa huandikiwa mahali, tarehe, na kama lilikuwa na ua au tunda. Karatasi mia za mti mmoja huwa kalenda yake. P. J. Greenway, aliyekuwa mtaalamu wa mimea huko Amani, alitoa mwaka 1937 kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili na kwa majina ya kitaalamu. Majina hayo hayakutoka maabara. Yalitoka vinywani mwa wenyeji.

Wapare nao wana bustani zao za kale: mpungi, yaani msitu mdogo mtakatifu wa ukoo, na mshitu, msitu wa jando. Kukata mti humo kulikatazwa, na kwa sababu hiyo miti mikongwe imesalia.

Zoezi. Shule ichague miti mitano karibu na madarasa, kila mmoja ufungwe kibao chenye namba. Kila Jumatatu wanafunzi wawili waandike: majani mapya, majani yanayopukutika, maua, matunda mabichi, matunda yaliyoiva. Mvua ipimwe kila asubuhi saa tatu. Shule za mlimani ziongeze mkulo mmoja, baada ya kuomba ruhusa ya wazee au ya walinzi wa msitu, na tunda la kwanza likianguka tarehe iandikwe siku ile ile.