Lengo Lianze na Anachokiweza Mtoto

Fungua faili la mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu na mara nyingi utakutana na maelezo ya aina hii: hajui kusoma, hatulii darasani, hashiki kalamu vizuri, hafuati maelekezo. Chini yake yameandikwa malengo: ajue kusoma, atulie, ashike kalamu vizuri, afuate maelekezo. Aliyeandika amegeuza kila upungufu kuwa amri, basi. Mwalimu atakayelipokea faili hilo Januari hana pa kuanzia, kwa sababu hakuna hata mstari mmoja unaomwambia mtoto huyu anajua nini, anapenda nini, na pale anapojifunza hujifunza kwa njia gani.

Makala haya ni kwa mwalimu wa darasa la kawaida aliyepokea mtoto mwenye ulemavu, kwa mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu, na kwa mzazi anayeitwa shuleni kupanga pamoja nao. Mifano nimeichukua katika mazingira ya shule za msingi za Tanzania Bara. Watoto wa mifano hii ni wa kufikirika, ila hali zao mwalimu yeyote atazitambua.

Kuanza na uwezo wa mtoto si hisani ya mwalimu mwenye moyo laini. Kifungu cha 24 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, kinataka elimu ikuze haiba, vipaji na ubunifu wa mtu mwenye ulemavu, pamoja na uwezo wake wa akili na wa mwili, hadi pale unapoweza kufika. Kinataka pia msaada upangwe kwa kumwangalia mtu mmoja mmoja. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikapata Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mpango wa Elimu Binafsi, ile karatasi ya malengo ya mtoto mmoja, ndipo ahadi hizo zinapogeuka kazi ya Jumatatu asubuhi.

Siku hizi walimu wengi wamesikia kwamba waandike uwezo wa mtoto, na wanauandika. Tatizo ni kwamba unabaki juu ya ukurasa kama salamu. "Anapenda kuimba, ni mchangamfu." Kisha lengo: "Ataandika herufi zote ifikapo Juni." Kuimba kumetajwa na hakukupewa kazi yoyote. Uwezo unapaswa kuingia ndani ya sentensi ya lengo na kufanya kazi humo: uwe njia ambayo mtoto ataipita kulifikia jambo gumu. Ukiweza kuufuta uwezo huo kwenye ukurasa na lengo likabaki vilevile, lengo hilo halijaandikwa bado.

Pa kuutafutia uwezo

Vipimo vya kitaalamu vina nafasi yake. Mtoto anayeonekana kutosikia vizuri apimwe masikio, anayesogeza daftari hadi puani apimwe macho, na majibu yaingie kwenye faili. Lakini karatasi ya hospitali haitakwambia kwamba mtoto huyo akitumwa dukani hurudi na chenji kamili. Hilo analijua mama yake, naye hatalisema mpaka aulizwe, maana amezoea kuitwa shuleni kusikiliza mashtaka.

Kwa hiyo kikao cha kwanza kianze na maswali ya nyumbani. "Karibu mama. Mwanetu akiwa nyumbani hupenda kushika kazi gani? Nani humwelewa upesi? Kitu gani akikifanya hachoki?" Mama akijibu, "Mwalimu, huyu ukimpa maharage ayachambue, hainuki mpaka yaishe," usilipite jibu hilo kama maneno ya kupokeana. Liandike kama alivyolisema. Ndani yake kuna utulivu wa muda mrefu, jicho linalotenga kizuri na kibovu, na vidole vinavyookota kitu kidogo bila kukidondosha. Na huenda ni mtoto huyohuyo ambaye shuleni ameandikwa "hatulii". Sasa una swali la maana zaidi: kuna nini kwenye ungo wa maharage ambacho hakipo kwenye dawati lake?

Waulize pia bibi, kaka na dada, na mwenzake wa dawati. Mwangalie wakati wa mapumziko: anacheza na nani, anajua zamu yake kwenye gololi, anakumbuka nani alimfunga jana? Kisha andika ulichokiona, wala usiandike sifa. "Ni mwerevu" haimsaidii mwalimu mwingine. "Hadithi ndefu akiisikia mara moja, kesho yake huisimulia kwa mpangilio" inamsaidia, kwa sababu ni tendo, lina mahali na lina kiasi.

Mtoto anayejua vibao vya daladala

Tuchukue mvulana wa darasa la pili, Dar es Salaam, mwenye usonji. Hazungumzi sana. Kitabu cha kusoma akiwekewa mbele hukisukuma. Faili linasema hajui herufi. Kaka yake anasema jambo lingine: wakiwa kituoni, yeye ndiye humvuta mkono kuelekea gari lao kabla konda hajaita. Anayatambua magari ya Temeke, Tandika, Kariakoo, Buguruni na Tegeta.

Mwalimu afurahi, ila asidhani. Daladala hupakwa rangi ubavuni kufuatana na njia zake, na huenda mtoto anaishika rangi wala si maandishi. Apime. Aandike majina hayo matano kwa kalamu nyeusi kwenye vipande vya boksi, ayapange mezani, aseme, "Nipe Tandika." Mtoto akiokota sawasawa mara nne katika tano, na kesho yake tena, basi yule asiyejua herufi anatambua maneno mazima yaliyoandikwa. Akikosea, bado umepata jambo: ana kumbukumbu kali ya rangi, na kadi zake zitaanza na rangi.

Tuseme ameokota. Temeke ni te, me, ke. Tandika ina ta na ka. Chukua mkasi ukate kadi hizo mbili, na mikononi mwako una silabi za kutosha kuunda kata, taka, teka, teke, meta. Ile ndi iweke kando, wakati wake utafika. Mtoto aliyekisukuma kitabu sasa ana mbele yake vipande vya maneno ambayo ni yake tangu zamani.

Lengo liandikweje? Wapo watakaoandika, "Ataboresha usomaji wake." Hakuna atakayejua lini ameboresha. Wapo watakaoandika, "Anapenda magari. Atasoma silabi 20 ifikapo Juni," na magari yamebaki salamu. Mimi ningeandika hivi:

"Akipewa kadi za silabi zilizokatwa kutoka majina ya vituo anavyovitambua, ataunda kwa kupanga kadi mezani maneno 8 kati ya 10 atakayotamkiwa na mwalimu, kwa siku 3 tofauti ndani ya wiki moja, ifikapo mwisho wa Aprili."

Sentensi ni ndefu, na kila kipande chake kina sababu. Kadi za vituo ni uwezo wake na ni msaada wake kwa wakati mmoja, na kwa kuwa zimetajwa, mwalimu wa zamu au wa mwaka ujao hatazisahau. "Ataunda kwa kupanga kadi" ni tendo linaloonekana. Maneno kama ataelewa, atajitahidi, atazoea hayaonekani kwa macho na hayafai kubeba lengo. Angalia pia kwamba hatukumdai atamke. Kuzungumza ni mlima mwingine kwa mtoto huyu, nao una lengo lake. Tukifunga mambo mawili magumu pamoja, akishindwa hatutajua ameshindwa lipi. Nane kati ya kumi inaacha nafasi ya kuteleza, na siku tatu zinatulinda na bahati ya siku moja.

Lengo la muhula wa pili liyatoe maneno kituoni: silabi zilezile, sasa katika sentensi fupi za kitabu cha darasa, kadi za vituo zikipungua kidogo kidogo. Uwezo unaotumika vizuri humfikisha mtoto kwenye masomo wanayosoma wenzake. Hapo ndipo neno jumuishi linapopata maana.

Hali nyingine, kalamu ileile

Msichana wa darasa la nne ana ualbino na uoni hafifu. Ubao hauoni hata akikaa mbele, lakini anachokisikia hakisahau. Mtego hapa ni kumwachia asikilize tu. Atafaulu kujibu kwa mdomo na atamaliza shule ya msingi bila kuzoea kusoma ukurasa. Lengo litumie sikio kumpeleka kwenye jicho: "Baada ya kusikiliza kifungu kikisomwa mara moja, atakisoma mwenyewe kwa sauti katika nakala ya maandishi makubwa, akiwa amekaa mahali pasipommulika jua, na kujibu kwa maandishi maswali 4 kati ya 5." Kwa kuwa amekwisha kusikia habari yenyewe, macho hayabebi mzigo wote peke yake.

Kwake ningeongeza lengo la pili, la kujisemea: atamwomba mwalimu asome kwa sauti kilichoandikwa ubaoni, bila kungoja aulizwe. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, na watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa muda katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kuutumia muda huo, na kudai kile anachostahili, hakujifunzwi siku ya mtihani.

Malengo ya tabia ndiyo yanayoandikwa vibaya kuliko yote, kwa sababu huandikwa na mtu aliyechoka. "Ataacha kutembeatembea darasani." Lengo la kuacha halimfundishi mtoto afanye nini badala yake. Kama kutembea kwake huishia kuwasaidia wenzake kuokota kalamu na kupanga vitabu, mpe kazi hiyo rasmi: "Akiwa na jukumu la kukusanya madaftari mwishoni mwa kila zoezi, atafanya kazi ya dakika 10 akiwa mahali pake, mara 4 kati ya 5 kwa wiki." Atainuka, lakini atainuka kwa kazi na kwa wakati.

Kuna hatari moja ambayo watu wema hutumbukia ndani yake. Kijana kiziwi mwenye mikono hodari anaelekezwa kwenye ushonaji, mwenye ulemavu wa akili anayependa kuimba anaitwa mbele kila wageni wanapokuja, na hapo ndipo elimu yao inapoishia. Uwezo umegeuzwa uzio. Futi ya fundi cherehani ina sehemu na desimali. Mikono ileile iingie humo, kwa lugha ya alama, mpaka kijana afikie Hisabati ya darasa lake. Ushonaji atauchagua mwenyewe baadaye akitaka.

Wala kuanza na uwezo si kuficha ugumu. Andika waziwazi: hasikii mazungumzo ya kawaida, anatumia lugha ya alama, akikaa nyuma hapati kitu. Mwalimu asiyeambiwa hivyo atamwita mtoto mkaidi.

Kuyaishi malengo katika darasa la wengi

Nalijua swali la mwalimu mwenye darasa lililojaa hadi mlangoni: muda uko wapi? Jibu langu ni kupunguza. Malengo mawili au matatu kwa muhula yanatosha; faili lenye malengo 15 halisomwi na mtu. Kila lengo liingie kwenye andalio la somo, mstari mmoja tu: leo, katika Kiswahili, fulani atatumia kadi zake wakati wenzake wanasoma kwa vikundi. Kadi hizo zinafaa hata kwa wengine wanaochelewa kusoma, ambao hawana faili lolote. Mwenzake wa dawati anaweza kumtamkia maneno. Kumbukumbu iwe daftari dogo lenye tarehe, idadi aliyopata, na neno moja kuhusu msaada aliopewa.

Baada ya wiki sita hivi, keti na mzazi mlitazame daftari hilo. Kama namba hazipandi, badilisheni kwanza msaada, kisha ukubwa wa hatua, kisha wakati wa siku. Mtoto aliyetumia dawa asubuhi huenda yuko macho zaidi saa tano kuliko saa mbili. Mwulizeni na mtoto mwenyewe, kwa maneno, kwa alama au kwa picha mbili za kuchagua: hii inakusaidia au ile? Mtoto aliyeulizwa hutoa habari ambazo sisi wakubwa tusingezikisia. Kama amelifikia lengo mapema, msingoje muhula uishe. Andikeni lingine.

Desemba, kabla faili halijakwenda kwa mwalimu mwingine, ambatisha vitu vyenyewe: kadi za boksi, nakala moja ya maandishi makubwa yenye ukubwa unaomfaa, picha zake za kuchagulia. Ukurasa wa kwanza ubebe yale mama aliyoyasema kwenye kikao cha kwanza pamoja na yale mliyoyaona tangu hapo, na jina la mtu wa nyumbani wa kupigiwa simu mwalimu mpya atakapokwama.