SOMO: MTOTO ASOME SHERIA AU SAIKOLOJIA?



Katika familia nyingi swali hili linarudi kila mwaka. Mtoto amepata diploma ya serikali, anataka kwenda chuo kikuu. Baba anasema: "Asome sheria, aje kututetea." Mama anasema: "Asome saikolojia, watu wetu wameumia moyoni." Nani ana haki? Katika somo hili tutaona kwamba wote wawili wana haki, na kwamba elimu hizi mbili zinahitajiana.

1. Sheria peke yake haitoshi

Hakimu anauliza: siku gani, saa ngapi, wapi, nani? Lakini mtu aliyepatwa na jambo la kutisha mara nyingi hakumbuki kwa utaratibu. Anaweza kukumbuka vizuri rangi ya shati la aliyemtesa, lakini akasahau tarehe. Anaweza kunyamaza, au kucheka mahali pa kulia. Asiyejua saikolojia atasema: "Huyu anadanganya." Aliyejifunza anajua kwamba hivyo ndivyo kiwewe kinavyofanya kazi katika kumbukumbu, na atauliza kwa upole na kwa subira.

2. Saikolojia peke yake haitoshi

Tukimfariji mama leo, na kesho akakutana sokoni na mtu aliyemtendea ubaya, hofu inarudi upya. Sisi wa Katanga tunalijua hilo. Machi 2009 mahakama ya kijeshi iliyokaa Kipushi ilimhukumu Gédéon Kyungu Mutanga, mkuu wa Mai-Mai, kwa makosa dhidi ya ubinadamu yaliyotendeka upande wa Mitwaba. Septemba 2011 alitoroka gereza la Kasapa, Lubumbashi. Hebu fikirieni moyo wa shahidi siku aliyosikia habari hiyo. Maneno ya faraja ni mazuri, lakini shahidi anahitaji pia ulinzi wa sheria.

Tena, mshauri asiyejua sheria anaweza kuharibu ushahidi bila kutaka. Akimwuliza mtoto, "Ni fulani aliyekupiga, sivyo?" amekwisha kumtilia jibu mdomoni.

3. Sheria ya nchi yetu iliziunganisha

Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji na ukatili wa kijinsia iliagiza parke au hakimu amwite daktari pamoja na mwanasaikolojia, ili wapime hali ya mwathiriwa, matunzo anayohitaji, na ukubwa wa madhara aliyopata. Iliagiza pia mwathiriwa asaidiwe na avoka. Baadaye, sheria ya Desemba 2022 ilianzisha mfuko wa serikali wa kulipa fidia waathiriwa, unaoitwa FONAREV. Kwa hiyo ripoti ya mwanasaikolojia ina uzito mbele ya hakimu.

4. Mfano wa Kavumu

Huko Kavumu, Kivu ya Kusini, wasichana wadogo walichukuliwa usiku kutoka nyumbani kwao na kubakwa. Wengi walitunzwa katika hospitali ya Panzi, Bukavu, ambako Daktari Denis Mukwege na wenzake wanaunganisha matibabu, msaada wa moyo, msaada wa sheria na msaada wa maisha. Watoto walihojiwa na wataalamu wa saikolojia, na mazungumzo yakarekodiwa kwa video, ili wasilazimike kusimama mbele ya watuhumiwa. Tarehe 13 Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ilimhukumu mbunge wa jimbo pamoja na wanamgambo wake 10 kifungo cha maisha. Mahakama ya rufani ilithibitisha hukumu hiyo mwaka 2018.

5. Njia ya masomo

Huko Marekani, chuo kikuu cha Nebraska kilianza mwaka 1974 kufundisha sheria na saikolojia pamoja hadi udaktari. Kwetu, mwanafunzi anaweza kuzifuata moja baada ya nyingine. Chuo kikuu cha Lubumbashi kina fakulte ya sheria na fakulte ya saikolojia. Katika utaratibu wa LMD, kwa kawaida lisansi ni miaka 3 na masta miaka 2 zaidi. Ni safari ndefu na ya gharama. Kabla ya kulipa chochote, mtoto aulize aparitora ya fakulte: nikiwa na lisansi ya sheria, mtanipokea masta ya saikolojia? Nitaongezewa masomo gani? Mwenye uwezo wa kusoma moja tu asikate tamaa. Asome moja vizuri, na ajifunze kufanya kazi na mwenye ile nyingine.

6. Tufanye nini sasa?

Viongozi, msingoje wahitimu. Mtu aliyeumizwa asilazimishwe kusimulia habari yake kwa kila mgeni. Mfikisheni haraka hospitalini, kisha kwa avoka ikiwa yeye mwenyewe anakubali. Andikeni tarehe, mahali, na maneno yake kama alivyoyasema, na kuyaficha vizuri. Msimtangaze, wala msimpatanishe kwa nguvu na aliyemkosea kwa mbuzi mmoja au pesa kidogo.

Maswali ya kujadili

- Je, katika mtaa wetu mtu aliyeumizwa anasimulia habari yake mara ngapi kabla ya kusaidiwa?
- Ni nani kati yetu anayejua kusikiliza bila kumtilia mtu maneno mdomoni?
- Tunaweza kumsaidiaje kijana mmoja wetu, msichana au mvulana, aanze safari hii ya masomo?

Amani iwe nanyi.